Koti la Baba Mkwe na Madume ya Kijerumani

Jumapili, 2 Machi

Leo nimepewa koti. Si koti la kuendea kazini. Koti la baridi hasa, la sufu, jeusi, zito, linafika magotini, vifungo vyake vikubwa kama vifuniko vya chupa. Baba mkwe alilivaa enzi za ujana wake aliposafiri, akalitunza sandukuni mpaka leo. Amelitoa mbele ya jamaa wote sebuleni kwetu, akanivika mabegani kwa mikono yake, akatangaza kwamba mkwe wake anakwenda Ulaya.

Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi? Watu wanapiga makofi!

Ukweli ni kwamba sijachaguliwa. Bado. Kiwanda chetu cha mikate kimeletewa tanuri jipya kutoka Ujerumani, na Ijumaa ya tarehe kumi na nne anakuja fundi wao kuchagua mtu mmoja wa kulisimamia. Huyo atapelekwa kwao miezi mitatu akasomee. Wanaosoma Kijerumani jioni pale kazini tuko wawili tu: mimi na Bwana Rula. Rula ndiye mpimaji wetu wa mikate. Anatembea na rula mfuko wa shati, kila mkate anaupima urefu, hata wa nyumbani kwake. Mtu wa namna hiyo atanishindaje?

Tangu nimuoe binti yake, Baba mkwe ananiita "mdomo". Mdomo amekuja? Mdomo amekula? Leo kwa mara ya kwanza ameniita mwanangu. Nililengwalengwa na machozi, nikasingizia vumbi la koti.

Mke wangu aliniuliza pembeni kama nimeshachaguliwa. Nikamjibu ni suala la muda tu. Akasema basi na koti nalo ni suala la muda.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda darasani na koti. Lazima mwili uzoee. Darasa letu ni chumba juu ya fundi viatu, dirisha moja, tena halifunguki, harufu ya gundi inapanda ngazi pamoja na wanafunzi. Jasho lilinitoka chapachapa. Nilivumilia. Wazungu wanavumilia.

Mwalimu wetu, mama mnene mwenye sauti ya chini, ana mtindo wake: hakuna kutaja kitu bila kukishika. Ukisema kikombe, shika kikombe. Ukisema unafungua mlango, inuka ukafungue. Majirani wanadhani tunahama kila jioni.

Leo alileta janga. Majina ya kiume. Kijerumani kimegawa vitu vyote vya ulimwengu katika mafungu matatu: vya kiume, vya kike, na visivyo upande. Hilo nilikwisha kulimeza. Leo ndiyo nimeambiwa kwamba hili fungu la kiume halitulii. Akitenda yeye, ni der. Akitendwa, ni den. Akipewa kitu, ni dem. Akiwa mwenye mali, ni des, na tena jina lenyewe linabandikwa s mkiani. Sijamaliza! Yapo madume mengine dhaifu, kama Kollege, yaani mfanyakazi mwenzako. Hilo ukiligusa tu linaota n. Ukimpiga, Kollegen. Ukimpa, Kollegen.

Niliinua mkono nikalalamika. Nikasema kwetu meza ni meza. Uipige, uipe, uimiliki, meza haina habari. Mwalimu akaniuliza kwa upole kama sisi ndio wale wenye kiti changu, viti vyangu, mti wangu, jiwe langu, ukuta wangu. Nikamwambia hayo nilipewa bure na mama yangu, sikuyalipia ada.

Akaona koti. Akauliza la nani. Nikasema la Baba mkwe. Uso ukamng'aa, akageuka akaandika ubaoni:

Der Mann gibt dem Kollegen den Mantel des Vaters.

Mwanamume anampa mwenzake koti la baba. Madume manne katika sentensi moja, kila moja na kofia yake. Akasema mwenye kuimiliki sentensi hii amemaliza kazi. Akatusimamisha mimi na Rula. Nivue koti, nimpe Rula, huku nikisema. Rula akanyoosha mikono, anatabasamu, rula inachungulia mfukoni.

Nilikataa. Nilisema sitampa mtu koti la Baba mkwe hata kwa mchezo. Mwalimu akasema ni dakika moja tu, atanirudishia. Nikasema hapana. Nani hasa duniani anampa mwenzake wa kazini koti la baba? Sentensi haina maana! Akampa Rula kitambaa cha ubao badala yake, na Rula akakipokea kama zawadi.

Jumanne, 4 Machi

Nimelitazama lile jedwali kwa muda mrefu. Mistari minne. Mtu wa kawaida angekaa akalikariri. Lakini mimi sikuumbwa mtu wa kawaida.

Nimegundua jambo. Der, den, dem, des. Yote yanaanza na sauti ileile! Tofauti iko mwishoni tu. Kwa hiyo mtu akianza vizuri halafu akakohoa, nani atajua alikusudia nini? De, kikohozi, Mann. De, kikohozi, Mantel. Fundi wa Kijerumani atajaza mwenyewe. Watu waungwana hawamsahihishi mgonjwa.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu akaleta maji ya moto na asali. Nikamweleza kwamba si ugonjwa, ni sarufi. Aliyanywa yeye.

Jumatano, 5 Machi

Hasara tupu.

Nilifanya mazoezi kazini, mbele ya tanuri, kwa sauti. De, kohoo, Ofen. De, kohoo, Schalter. Sikumwona Meneja nyuma yangu. Sheria ya kiwanda imebandikwa kila mlango, niliibandika mwenyewe: anayekohoa asiingie chumba cha kukandia wala asisogelee tanuri. Nikajaribu kumweleza. Nilipofungua kinywa, kikohozi kikatoka chenyewe, nimeshakizoea.

Nimepelekwa stoo ya unga mpaka nipone. Kule vumbi la unga limenipa kikohozi cha kweli. Sasa nakohoa bure, bila faida yoyote ya lugha.

Rula ameachwa peke yake na tanuri. Aliniletea barakoa stoo na kuniuliza hali. Najua anachofanya. Anataka kujua siri yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nikiwa juu ya magunia nimepata akili mpya. Ikiwa madume ndio wasumbufu, kwa nini niishi nao? Nitazungumza Kijerumani kisicho na madume kabisa! Vya kike na visivyo upande vinatosha kumlea mtu.

Nikaanza na kazi yetu. Unga, Mehl: hauna upande. Maji, Wasser: hayana upande. Chumvi, Salz: haina. Hamira, Hefe: ya kike. Mkate wenyewe, Brot: hauna upande. Nikacheka peke yangu stoo. Kiwanda kizima hakina dume!

Halafu nikaangalia kamusi. Ukichanganya unga, maji, chumvi na hamira, lile donge linaitwa Teig. Dume! Wametoka wapi na dume? Hakuna aliyeliweka! Na unalipeleka wapi hilo donge? Kwenye tanuri, Ofen. Dume. Tanuri unaliwasha kwa swichi, Schalter. Dume. Plagi yake, Stecker. Dume. Ufunguo wa mlango wake, Schlüssel. Dume, dume, dume.

Jioni Mwalimu alituambia tueleze kazi zetu. Rula alieleza yote, akikosea hapa na pale, anasimama, anajikuna sikio, anarudia. Inachosha. Mimi nilieleza kwamba kuna unga, kuna maji, kuna chumvi, kuna hamira. Halafu kuna mkate. Mwalimu akauliza mkate umeokwa wapi. Nikasema hapana. Akauliza umekandwa vipi. Nikasema mkate upo. Akauliza mimi nafanya nini hapo kiwandani, na mimi mwenyewe ni Mann, dume, kwa hiyo sikuweza kuwepo. Nikasema mkate unajifanya.

Darasa lilicheka mpaka fundi viatu akagonga dari.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Jana Mwalimu alitaja kitu kidogo kwa kupita tu, akaendelea na mambo yake, wala hakujua amenipa nini. Ni hivi: ukikifanya kitu kiwe kidogo, ukakibandika chen mwishoni, kinaacha kuwa dume. Hata kama kilikuwa dume la kutisha. Der Ofen ni tanuri, dume. Das Öfchen ni kitanuri, hakina upande! Der Schalter, dume. Das Schalterchen, kiswichi, hakina upande! Na visivyo upande havibadiliki vikitendwa. Das hubaki das.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba nikiipunguza dunia yote, imetulia. Kitanuri, kiswichi, kiplagi, kifunguo. Baba mkwe mwenyewe nikimfanya kibaba, amekwisha.

Nimepita nyumba nzima nikipunguza vitu. Mke wangu akaniuliza kwa nini naisemesha sufuria kama mtoto mchanga.

Kikohozi kimepona. Jumatatu narudi kwenye tanuri. Kwenye kitanuri.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe alikuja na wazee wenzake wawili. Amewaleta wanisikie. Nilivaa koti, nikasimama katikati ya sebule, nikawatajia kila kitu kilichomo humo kwa Kijerumani, kidogokidogo. Wazee walitikisa vichwa. Mmoja alisema lugha ile ni tamu, yeye alidhani ni ya kufokeana. Baba mkwe alikaa wima, mkono juu ya fimbo, kama mtu anayepigwa picha. Alipokuwa akiondoka alinishika bega akasema, "Usiniangushe, mwanangu."

Usiku ule ule furaha ikaingia mchanga. Nimefungua kitabu ukurasa wa pili. Hivi vidogo navyo vina tundu! Vikipewa kitu, vinageuka dem, sawasawa na madume. Ukisema "pamoja na", dem. Vikimiliki, des, na s ileile mkiani.

Nimewaza. Dawa ni moja tu. Nisimpe mtu kitu. Nisiende na mtu. Nisimiliki chochote. Katika Kijerumani nitakuwa mtu asiyetoa.

Nikaanza mazoezi mezani. Mke wangu akaniomba chumvi. Nikamwambia siwezi, niko kwenye mazoezi ya kutotoa. Akaiinukia mwenyewe, akasema hapo sihitaji mwalimu, mkono wangu ulikuwa wa birika tangu kabla ya ndoa. Ananitania. Nadhani.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu ameniita baada ya darasa. Alikuwa anafuta chaki vidoleni kimoja kimoja. Akaniambia ameshaona ninachofanya. Akasema nimetumia wiki nzima na nguvu za punda kukwepa mistari minne ambayo ningeijua kwa jioni moja. Akasema kukosea si dhambi, yeye mwenyewe alikosea miaka mingi na hakuna aliyemfukuza. Nikamshukuru sana. Maskini, hajui kwamba nimeshamaliza.

Ngazini Rula alikuwa ananisubiri. Akapendekeza tusome pamoja, mimi nimfundishe matamshi, yeye anisaidie jedwali. Akasema anaogopa Ijumaa, usiku halali vizuri, na mkewe anamwona anavyoisema ile sentensi ya koti huku ameshika taulo.

Nilimwonea huruma kidogo. Lakini vita ni vita. Nikamwambia mimi niko fiti, asihangaike.

Ijumaa, 14 Machi

Imekwisha! Nimeshinda, nadhani. Niandike kwa utaratibu.

Fundi wao ni mwanamke. Bibi Fundi, mrefu, miwani juu ya nywele, buti za kazi zimechakaa kuliko zetu. Alisimama mbele ya tanuri pamoja na Meneja, ambaye hajui neno la Kijerumani na alitikisa kichwa kwa kila kitu. Bibi Fundi alinipa ufunguo wa tanuri mkononi akasema nimwonyeshe asubuhi ya kazi inavyoanza.

Nikalisogelea tanuri, nikalipapasa. "Guten Morgen, Öfchen," nikasema. Habari za asubuhi, kitanuri.

Bibi Fundi alishtuka, halafu akashusha miwani machoni anione vizuri. Nikaendelea. Hiki kiswichi nakiamsha. Hiki kiplagi nakichomeka. Hiki kidonge cha unga kinaingia, kinalala, kinakua. Kila kitu das, das, das, hakuna kilichotikisika. Akaanza kutabasamu. Akaegemea meza, kidevu mkononi. Nilipokiaga kile kitanuri kwa kukitakia kazi njema alicheka mpaka akajifuta macho. Nikajua nimemtia mfukoni. Meneja naye akacheka, hajui anacheka nini.

Halafu akamwita Rula kutoka mlangoni, akamsimamisha mbele yangu. Akasema zamu yangu imekwisha, mwenzangu ameingia. Nafanyaje?

Nikaona mtego. Ich gebe dem Kollegen den Schlüssel. Nampa mwenzangu ufunguo. Dem, tena Kollegen na n yake, tena den. Mashimo matatu njia moja! Na Rula pale amenyoosha mkono, kama siku ile ya koti.

Sikuingia. Niliutia ufunguo mfukoni mwangu nikasema, "Das Schlüsselchen bleibt." Kifunguo kinabaki.

Bibi Fundi akauliza kinabaki wapi. Nikapiga mfuko. Hapa. Akauliza nikienda nyumbani je. Hapa. Nikilala? Hapa. Nikiugua? Nikafikiri kidogo. Hapa. Hakuna dume hata moja lililonigusa! Akavua miwani akanitazama, nadhani kwa mshangao.

Zamu ya Rula. Bibi Fundi akanidai ufunguo, akampa yeye. Aibu tupu. Alianza na den, akasema nein, akarudi kwenye dem, akasahau ile n ya Kollegen, akajikuna sikio, akaiokota, akafika mwisho jasho linamtoka. Nilihesabu makosa nikachoka. Lakini alipomaliza alikuwa ameshaniwekea ufunguo kiganjani kwa mikono miwili, akauliza kama tanuri limepoa vizuri upande wa nyuma. Swali hilo hakutumwa na mtu kuliuliza. Kimbelembele.

Nimepita kwa Baba mkwe nikamwambia atafute na glavu.

Jumamosi, 15 Machi

Anakwenda Rula.

Meneja aliniita ofisini akafunga mlango. Kwanza akanipa sifa. Bibi Fundi amesema tangu atoke kwao hajacheka vile, na hajawahi kuona mtu anayelisemesha tanuri kama bibi anayemlaza mjukuu. Amesema salamu zangu atawapelekea wenzake. Lakini tanuri lile linafanya kazi mchana na usiku, linahudumiwa na zamu tatu. Hawezi kumpa mtu anayeondoka na ufunguo.

Nikauliza makosa ya Rula je? Yale mengi? Nimeyahesabu! Meneja akasema aliuliza hilohilo. Bibi Fundi alijibu kwamba makosa yatanyooka hukohuko, ndiyo kazi ya shule.

Niliumia. Niandike tu, hakuna anayesoma. Niliumia sana. Nilitembea mpaka nyumbani nikizunguka mitaa ya nyuma, nisikutane na mtu wa kunipongeza.

Nilimwambia mke wangu. Hakucheka. Ningependa angecheka. Alinitengea chai, akaniletea hata chumvi ya kwenye mayai bila mimi kuomba.

Jioni Baba mkwe akaja. Glavu mfukoni. Nikamweleza yote, ila ile ya ufunguo nikaipitia juu juu. Mke wangu akaikamilisha. Mzee alitazama koti lililoning'inia nyuma ya mlango. Chai ikapoa mbele yake.

Akasema, "Koti nililitoa kwa anayekwenda."

Nikasema ndiyo, baba.

"Basi mpelekee. Kwa mkono wako wewe."

Akaweka glavu juu ya meza, akaondoka. Mlangoni hakuniita mwanangu. Lakini mdomo pia hakuniita.

Jumatatu, 17 Machi

Siku nzito.

Nilitaka kulituma koti kwa mtu. Mke wangu akanikumbusha maneno ya baba yake. Nilitaka kuliacha ngazini kwa fundi viatu na kikaratasi. Akanikumbusha tena. Nikalivaa, maana kulibeba ni zito zaidi, nikaenda darasani.

Rula alikuwa ameketi mahali pake. Aliponiona akainuka, akawa hajui mikono aiweke wapi. Alidhani nimekuja kugombana. Nikafungua kifungo cha kwanza. Cha pili. Vifungo vile ni vikubwa lakini leo vilikataa kutoka. Nikalivua. Nikalishika kwa mikono miwili, nikamnyooshea. Na kwa kuwa wiki hii Mwalimu amepiga marufuku Kiswahili mle ndani kabla ya mapumziko, nikasema tu nilichokuwa nakifanya.

"Ich gebe dem Kollegen den Mantel des Schwiegervaters."

Nampa mwenzangu koti la Baba mkwe.

Nikadhani nimetukana. Chaki ilikuwa imemwanguka Mwalimu. Akaniuliza kama najua nimesema nini. Nikasema ndiyo, nimesema natoa koti. Akasema hapana, sikiliza. Akarudia polepole, dem, Kollegen na n yake, den, des na s yake mkiani. Hakuna hata moja lililopotea njia. Amefundisha miaka mingi, akasema, hajasikia mwanafunzi wa ngazi yetu akiisema nzima bila kusita.

Sikujua. Naapa sikujua. Nilikuwa nahesabu vifungo.

Darasa likapiga makofi. Nilitamani kushuka ngazi nimkimbilie Bibi Fundi, lakini alishapanda ndege jana. Mwalimu akaniomba nirudie. Nikafungua kinywa, nikakohoa.

Rula alilivaa koti. Limemkaa, mbaya zaidi. Alishindwa na kifungo cha shingoni, kina ujanja wake, unakisukuma kwanza chini. Nikamfungia. Tulikuwa karibu sana nikaona macho yake yamejaa maji. Akaniambia hatalisahau jambo hili, na atalirudisha kama alivyolipokea. Halafu akatoa ile rula yake mfuko wa shati, imekwanguka namba kwa kutumika, akanipa. Akasema miezi hii mitatu mikate itahitaji mtu, na hamwamini mwingine.

Nilimpa na glavu. Zilikuwa mfukoni tu, mke wangu ndiye aliyezitia.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, shati tu, upepo unapita. Nilijisikia vizuri kwa namna ambayo sikuitegemea. Nadhani nimekuwa mtu mwingine.

Jumatano, 19 Machi

Habari kubwa!

Leo nilikuwa napima mikate kwa rula, natembea polepole kama mwenye mali, nikamsikia Meneja akisema kwenye simu kwamba mwakani italetwa mashine mpya ya kukata mikate, na hiyo inatoka China. Watahitaji mtu wa kuisimamia. Huenda akapelekwa kusoma.

Nimeulizauliza. Kichina hakina madume! Hakina majike! Meza ni meza, uipige, uipe, uimiliki. Lugha ya watu wenye akili! Mbona hawakuniambia mapema? Nimechukua rula ya Rula nikapiga mstari chini ya yote yaliyopita humu, safi, mnyoofu.

Mwalimu amesema jedwali sasa linaingia, nimalizie wiki mbili zilizobaki za Kijerumani, nisiache njiani. Nimemwambia sina muda wa lugha za zamani.

Baba mkwe nimeshampitia jioni hii, nimemwambia mkwe wake anakwenda China. Alinitazama sana. Nikamweleza ni suala la muda tu. Akaingia chumbani, akakaa huko, nikadhani amelala. Akatoka akasema koti hana tena, ila ana mwavuli. Amenipa. Ni mzuri, una mpini wa mti. Nimeufungua sebuleni kumwonyesha mke wangu, akaniuliza huo nitampa nani.

Kikwazo ni kimoja tu, na ni kidogo. Nimesikia kwamba katika Kichina neno lilelile ukilipandisha sauti ni kitu hiki, ukilishusha ni kitu kingine, na ziko sauti nne za kukariri.

Hapo nitakohoa.